Kopa sababu, usikope sura

Swali: Mwalimu, naandika hadithi ya kisayansi inayotokea kwenye sayari ya mbali. Nimejitahidi kubuni nchi ambayo haijawahi kuonekana: mchanga wa zambarau, majua mawili, milima iliyochongoka kama sindano. Mwenzangu aliyesoma sura ya kwanza akaniambia, "Hii si sayari nyingine, ni jangwa lililopakwa rangi." Imeniuma, maana ni kweli. Nilipokuwa naandika nilikuwa naliona korongo la mto wa msimu nililochezea utotoni. Je, niachane kabisa na mandhari ninayoijua? Na hayo majua mawili niyaondoe?

Jibu: Mwenzako ameuona ugonjwa vizuri, ila dawa unayoifikiria siyo. Usiliache korongo lako. Ukurasa ulionitumia nimeusoma mara tatu, na kuna sentensi moja tu iliyonisimamisha: pale mhusika wako anapochimba changarawe kavu kwa kidole cha mguu na kusikia ubaridi wa chini. Hiyo hukuibuni, umeikumbuka. Milima yako ya sindano, unisamehe, nimeipita kama mtu anavyopita tangazo la barabarani.

Kilichotokea ni kwamba umekopa sura ya mahali ukaacha sababu zake. Halafu ukaona sura yenyewe inafanana mno na kwenu, ukaipaka rangi isitambulike. Msomaji hadanganyiki na rangi. Nyumba njema si mlango. Tulifungue hilo korongo tuingie ndani.

Kwa nini korongo liko vile lilivyo? Maji huja mara chache, na yakija huja mengi kwa mpigo. Nguvu hiyo huyaburuta mawe na kuyagonganisha hadi yakapoteza kona zake. Mawe bapa hulazwa yamepandana kama vigae vya paa, ukingo wa juu wa kila jiwe ukielekea maji yanakokwenda, kwa hiyo hata mto ukikauka miaka kumi, mtu anayejua kuyasoma atakuonyesha kwa mkono mkondo ulikotoka. Maji yakipunguza mwendo, kokoto hutua kwanza, mchanga hufuata, tope huwa la mwisho. Ndiyo maana lile ganda la udongo lililopasuka vipande na kukunja kingo zake hulikuta juu ya vyote. Na ule ubaridi wa chini? Mchanga wa juu ukishakauka hukata njia ya unyevu kupanda, na uliobaki chini unajihifadhi.

Sasa tazama orodha hiyo ya sababu. Ukitoa neno "maji" ukaweka "kimiminika", karibu yote inasimama. Inataka kitu kinachotiririka, mteremko, mvutano wa kukivuta, na vipindi virefu vya ukame katikati. Korongo lako linaweza kusafiri.

Tena limeshasafiri. Mwaka 2012 gari la utafiti la Curiosity lilipiga picha kwenye sakafu ya kreta ya Gale, shimo kubwa la kale la kimondo katika sayari ya Mirihi, ikaonekana miamba iliyoshikamana na kokoto za mviringo. Wanasayansi wa NASA hawakuhitaji kuona tone la maji. Kokoto zilikuwa kubwa mno kupeperushwa na upepo na laini mno kuwa zimevunjika pale pale. Wakakadiria kuwa zamani palipita kijito chenye kina kati ya kifundo cha mguu na nyonga. Walifanya lile lile unaloweza kufanya wewe ukiinama korongoni.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Titan, mwezi mkubwa kuliko yote wa sayari ya Zohali, na hapa nitakaa kidogo. Tarehe 14 Januari 2005 chombo cha Huygens kilishuka huko kwa parachuti. Kikiwa bado angani kilipiga picha za mifereji inayojiunga kama matawi ya mti, mito midogo ikiingia kwenye mikubwa. Kilipotua, picha ya chini ilionyesha mawe ya mviringo, ya sentimita chache hadi kama 15, yametawanyika kwenye ardhi tambarare. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mto mkavu angesema: hapa napajua.

Ila mawe yale ni barafu ya maji, imegandishwa na baridi ya nyuzijoto 179 chini ya sifuri hadi ikawa ngumu kama jiwe. Kilichoyaviringisha ni methani ya kimiminika, gesi ile ile iliyo nyingi kwenye gesi asilia na bayogesi, ambayo huko hunyesha mvua. Ardhi yenyewe ilikuwa laini yenye ganda jembamba juu, mfano wa mchanga wenye unyevu. Na sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linalofanana na kidole cha mguu cha mhusika wako: Huygens ilikuwa na kifaa cha kupima gesi ambacho mdomo wake ulikuwa umepashwa joto. Kilipogusa ardhi, kiwango cha methani kikapanda ghafla. Joto dogo lile lilitosha kuufukiza unyevu uliokuwa umelala chini ya changarawe. Ubaridi wa chini wa korongo lako, umbali wa kilomita zaidi ya bilioni moja, na kipimo kinausikia.

Ukishajua sababu zinazobaki, angalia zinazobadilika. Mvutano wa Titan ni kama moja ya saba ya wa Dunia, na hewa yake ni nzito kuliko yetu. Tone la mvua huko linaweza kufikia upana wa sentimita moja, na linashuka kwa kama mita 1.6 kwa sekunde, mwendo wa theluji kwetu. Mawe ya barafu ni mepesi na mvutano dhaifu, hivyo mkondo usio na haraka unaweza kubeba jiwe ambalo hapa lingehitaji gharika. Barafu huzama kwenye methani, haielei. Mwaka mmoja ni kama miaka 29 na nusu ya Dunia, kwa hiyo msimu mmoja ni miaka saba na ushei. Mwaka 2010 chombo cha Cassini kiliona dhoruba kubwa karibu na ikweta ya Titan, eneo ambalo lina vilima vya mchanga vinavyofanana na vya jangwa la Namib, na baada yake ardhi ya ukubwa wa kilomita za mraba kama laki tano ikaonekana imekolea rangi, imelowa. Mto wa msimu huo! Ila msimu wenyewe, mtoto anaweza kuzaliwa na kuanza shule hajauona.

Ukiandika kutoka hapo, sentensi zinakuja zenyewe. Nimejaribu moja kwa ajili yako:

"Tone la kwanza aliliona muda mrefu kabla halijamfikia. Lilikuwa likishuka mbele ya kioo cha kofia yake bila haraka yoyote, nene kama ncha ya kidole, likitikisika. Akalikwepa. Akalikwepa la pili. Kisha akainua uso, akaona hakuna tena pa kukwepea. Chini, pale alipokuwa amesimama kwa muda, mvuke ulikuwa ukitoka kuzunguka viatu vyake."

Hakuna zambarau. Hakuna neno "ajabu" wala "geni". Mtu aliyewahi kushikwa na mvua kwenye mto mkavu ataitambua ile hofu ya kutazama juu, na papo hapo atajua hayupo kwenye mto wowote anaoujua. Huo mvuke wa viatuni nimeukopa kwa Huygens: mtu mwenye joto la nyuzi 37 kwenye ardhi ile ni tanuri linalotembea.

Nakuonya hata hivyo, maana mandhari unayoijua inaweza kukuingiza mkenge, na waliowahi kuingia hawakuwa wajinga. Mwaka 1877 mwanaastronomia Mwitalia Giovanni Schiaparelli aliripoti mistari kwenye uso wa Mirihi, akaiita "canali", neno ambalo kwa Kiitaliano linaweza kuwa mfereji wa asili. Kwa Kiingereza likafasiriwa kuwa mifereji ya kuchimbwa, miaka michache tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, wakati kila gazeti lilikuwa likisifu kazi kama hizo. Mmarekani tajiri, Percival Lowell, akajenga kituo cha kutazama nyota Flagstaff, Arizona, mwaka 1894. Akakaa katikati ya nchi kavu, akaitazama Mirihi usiku baada ya usiku, akaona nchi kavu: sayari inayokufa kwa kiu, na wakazi wake wakichimba mifereji kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha. Ukame alioupata si mbali na ukweli. Mifereji ilikuwa ni macho yake tu. Chombo cha Mariner 4 kilipopita Julai 1965 kilirudisha picha za kreta.

Sayari ya Zuhura ilitendewa hivyo hivyo kwa upande wa pili. Imefunikwa mawingu, mawingu kwetu ni mvua, mvua ni misitu na vinamasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Msweden Svante Arrhenius, mtu mwenye Tuzo ya Nobel, aliielezea kuwa nchi inayochuruzika maji. Waandishi wakafuata kwa furaha, wakajaza vinamasi kila aina ya mijusi. Mwaka 1962 Mariner 2 ilithibitisha kwamba chini ya mawingu hayo pana joto kali, na Machi 1982 chombo cha Kisovieti Venera 13 kilitua na kudumu dakika 127 kwenye nyuzijoto 457, hewa ikikandamiza kama mara 89 ya yetu. Mawingu yalikuwa ya asidi ya salfuriki. Mvua yake huishia hewani, haifiki chini.

Arrhenius alikopa sura, wingu, bila kuuliza wingu hilo limetengenezwa na nini. Hapo ndipo pa kuangalia. Kabla hujahamisha kitu kutoka kwenu, jiulize kinasimama juu ya sababu gani, kisha hakikisha sababu hiyo ipo huko unakokipeleka.

Na tusijidai kwamba enzi za picha zimetuponya. Julai 1976 Viking 1 ilipotuma picha ya kwanza ya rangi kutoka ardhi ya Mirihi, wataalamu waliisawazisha rangi na anga likatoka la buluu, zuri, la nyumbani. Baadaye wakarekebisha kwa vipimo: anga lile ni la rangi ya waridi iliyochanganyika na udongo, kwa sababu ya vumbi laini linaloelea. Carl Sagan, aliyekuwa kwenye kundi hilo, amesimulia kwamba marekebisho yalipotangazwa waandishi wa habari walizomea kwa utani. Walitaka anga lao. Ajabu ya Mungu, buluu ipo kweli Mirihi, ila wakati jua linapozama, likiwa limezungukwa na mwanga wa buluu. Ukinipa mhusika anayetazama machweo ya buluu na kukumbuka asubuhi za alikotoka, nitakufuata hadi ukurasa wa mwisho.

Kuna mfano mmoja wa kukopa vizuri ambao kila anayeandika aina hii anapaswa kuujua. Mwaka 1957 Frank Herbert, wakati huo mwandishi wa magazeti, alikwenda Florence, pwani ya Oregon, kuandika makala kuhusu vilima vya mchanga vilivyokuwa vikihama na kufukia barabara na majengo. Idara ya kilimo ya Marekani ilikuwa ikivituliza kwa kupanda majani. Ile makala haikutoka. Kilichotoka, mwaka 1965, ni riwaya ya Dune. Sasa zingatia hili: vilima vya Oregon viko kando ya bahari baridi, kwenye pwani yenye mvua nyingi. Havifanani hata kidogo na jangwa la riwaya. Herbert hakuondoka na rangi wala joto. Aliondoka na mvutano kati ya watu na mchanga unaotembea, na wazo kwamba majani yakipandwa kwa uvumilivu yanaweza kubadili nchi nzima na siasa zake. Sura ya jangwa aliitoa kwingine. Sababu aliitoa ufukweni.

Watu wa filamu hawana anasa hiyo, na siwalaumu. Kamera inahitaji uso, ndiyo maana bonde la Wadi Rum huko Jordan limekuwa Mirihi mara nyingi kuliko Mirihi yenyewe. Sisi wa maneno hatulipi nauli. Tunaweza kuacha miamba nyuma tukabeba namna upepo unavyoitafuna.

Upepo umenikumbusha aibu yangu. Niliwahi kuhariri hadithi ambamo dhoruba ya Mirihi ya kilomita 100 kwa saa inang'oa hema na kumburuta mtu. Nikaipitisha, ikapendeza. Mwanafunzi mmoja wa fizikia akaniandikia hesabu fupi: hewa ya Mirihi ina uzito wa kama moja ya sitini ya hewa ya hapa chini, hivyo upepo ule unasukuma kama upepo wetu wa kilomita 13 kwa saa. Unapeperusha kanga kwenye kamba, basi. Nilichokuwa nimekisahau ni kwamba ninapofikiria dhoruba nafikiria mlio na msukumo kwa pamoja, kwa kuwa nimezikuta pamoja maisha yangu yote. Huko zinaachana. Vumbi linaweza kufunika sayari nzima na kuliziba jua, huku ukisimama wima bila kushika chochote. Kwa kuogofya, hiyo inaizidi hema iliyong'oka, na ndiyo tuliyoikosa.

Mambo mengine ya mwili hupotea hivyo hivyo, na ndiyo yanayolipa. Umbali, kwa mfano. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama tambarare Duniani, upeo wa macho uko kama kilomita 4.7 mbele yake; Mirihi ni 3.4, Mwezini ni 2.4. Mwezini pia hakuna hewa ya kufifisha vitu vya mbali, wala mti, wala mtu wa kulinganishia. Februari 1971 Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walipanda mteremko kutafuta ukingo wa kreta iitwayo Cone. Kila kilima walichodhani ni ukingo kilikuwa si chenyewe. Wakachoka, muda ukaisha, wakageuza. Baadaye ramani zilionyesha walikuwa wamebakiza mita kama 30. Watu wawili waliofunzwa miaka, wakikosa shimo lenye upana wa mamia ya mita lililokuwa hatua chache mbele yao! Huwezi kuibuni hiyo kwa kuongeza rangi. Unaibuni kwa kujiuliza: hapa ninapoishi, nini hunijulisha kwamba kile kilima kiko mbali? Kisha unakiondoa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaoandika kwa Kiswahili hawalisikii, kwa sababu limelala ndani ya lugha. Ukurasa wako una "magharibi" mara mbili na "saa sita mchana" mara moja. Hadithi ya kawaida, hakuna neno. Lakini baadaye unasema sayari yako inaonyesha jua lake uso mmoja tu, daima. Sayari za namna hiyo zinafikiriwa kuwa nyingi: zile zinazozunguka karibu na vibete vyekundu, yaani nyota ndogo na hafifu, kama Proxima b iliyotangazwa mwaka 2016 au baadhi ya saba zinazoizunguka nyota ya TRAPPIST-1, huenda zimefungwa hivyo na mvutano. Upande mmoja mchana usiokwisha, mwingine usiku, na katikati ukanda wa machweo yasiyosogea.

Huko "magharibi" ni nini? Kwetu neno hilo ni upande na ni wakati kwa pamoja. Jua linakozama na saa linapozama. Kwenye ukanda ule jua halizami. Saa zetu tunazihesabu tangu kuchomoza. Saa ya kwanza haitafika kamwe. "Kumekucha" haina maana. Sasa usizikimbie hizi kasoro, zichimbe. Kumbuka kwamba "kaskazini" na "kusini" tumezitoa kwenye kaskazi na kusi, pepo za misimu: mabaharia walizipa pande za dunia majina ya upepo unaotoka huko. Mifano ya kompyuta ya sayari zilizofungwa huonyesha mara nyingi upepo wa chini ukivuma kutoka upande wa usiku kwenda upande wa mchana, bila kukoma. Basi watu wako wangekuwa na pande mbili kubwa, upepo unakotoka na unakokwenda, na jina la upande mmoja lingekuwa neno lao la baridi. Hiyo ni lugha yako mwenyewe ikifanya kazi iliyoifanya zamani, kwenye anga jingine.

Mifano ya usemi nayo ipigie msasa. Umeandika usiku "mweusi kama mkaa". Ikiwa hewa ya sayari yako haina oksijeni hakuna moto, na pasipo moto hakuna aliyewahi kuona mkaa. Kama msimulizi ni mgeni aliyetoka Duniani, sawa, mkaa ni wake na unamfunua. Kama ni mzaliwa wa pale, amekopa kitu ambacho hakipo kwenye maisha yake.

Na mzaliwa wa pale hashangai. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote: mwenyeji anaielezea nchi yake kwa midomo wazi kama mtalii. Bonde la Danakil, kaskazini mwa Ethiopia, liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Pale Dallol chemchemi za asidi zimeacha vidimbwi vya kijani na kuta za manjano ya salfa, na kila anayepiga picha husema ni sayari nyingine. Wachimba chumvi wa Kiafar wamekata vipande vya chumvi kwenye tambarare ile kwa vizazi, wakavipakia kwenye ngamia. Sayari nyingine kwa nani? Anayefanya kazi juu ya chumvi haangalii rangi. Anaangalia ganda lipi linabeba mguu na lipi linavunjika. Ukitaka mhusika wako awe mwenyeji, mpe maarifa ya aina hiyo, umnyime mshangao. Kwenye korongo lako, mwenyeji ni yule anayeyatazama mawe yaliyopandana na kuamua upande wa kulala usiku.

Mchanga wa zambarau? Ubakishe ukitaka, ila uwe na asili. Mchanga ni mwamba uliosagika, rangi yake ni habari. Wekundu wa majangwa mengi ni kutu ya chuma iliyofunika chembe kama utando. Mweusi ni wa volkeno. Kuna ufuo wa kijani Hawaii, rangi yake ikitoka kwenye madini ya olivini, ambayo maji huyaharibu upesi. Kwa hiyo mchanga wa kijani unasema kwamba mwamba wake una umri mdogo, au kwamba nchi haijaona maji mengi. Zambarau nayo ipo hapa hapa Duniani: chembe za madini ya ganeti hukusanywa na mawimbi kwenye fukwe kadhaa, kwa mistari, kwa sababu ni nzito na mchanga mwepesi umeondolewa. Umeona? Zambarau kwenye korongo lako ingejikusanya mahali mkondo ulipopungua, mistari nyuma ya mawe makubwa. Mhusika anayetafuta mahali maji yalipotulia angeifuata rangi hiyo. Tangu hapo si rangi tena, ni njia.

Majua mawili mwisho. Yapo kweli: mwaka 2011 ilitangazwa Kepler-16b, sayari inayozunguka nyota mbili kwa siku kama 229. Yenyewe ni kubwa kama Zohali na haina ardhi ya kusimama, kwa hiyo muweke mtu wako kwenye mwezi wake wa kubuni, ambako jua huchomoza na kuzama, si kwenye ile sayari iliyofungwa. Lakini jua la pili huko si pacha wa la kwanza. Moja ni la rangi ya machungwa, jingine ni kibete chekundu hafifu, na yanapoachana sana angani hutenganishwa na pembe ya nyuzi kama 18 tu. Mchana hutamwona mdogo akifanya lolote. Kivuli chake kinamezwa na mwanga wa mkubwa. Isipokuwa jioni, siku ambazo mkubwa anatangulia kuzama. Ukiupa mwezi wako siku ya saa 24, na ukachagua siku ambayo yameachana sana, utapata kama saa moja ambayo jua jekundu limebaki peke yake. Vivuli vilivyokuwa vimefichwa mchana kutwa vinatokea, virefu, vyekundu kingoni, na kila jiwe bapa korongoni linaonekana limeinamia wapi.

Mweke mhusika wako huko hiyo saa moja, kabla hajachagua upande wa kulala. Majua yako mengine yote kwenye sura ya kwanza yafute.